Jinsi ya kusoma namba ya oksijeni ya ubongo moyo ukisimama

Naandika kwa manesi na madokta wanaoanza kazi ICU au emajensi, ila ndugu wa mgonjwa nao wakisoma poa tu, sehemu ya mwisho ni yao.

Kwanza jua kwa nini hii mashine ya kupima oksijeni ya ubongo ipo. Moyo ukisimama, ile oksimita ya kidoleni tuliyoizoea wote tangu kipindi cha korona haina kazi tena, manake inategemea mapigo na mapigo hayapo. Na ubongo ndo mlaji mkubwa, uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni. Sasa kuna sensa za kubandika kwenye paji la uso, zinapitisha mwanga wa infraredi kwenye ngozi na mfupa, mwanga unarudi, mashine inapiga hesabu damu ya pale chini imebeba oksijeni kiasi gani, na haihitaji mapigo kabisa. Aliyeonyesha kwamba inawezekana ni Frans Jöbsis, Marekani, mwaka 1977.

Kubandika: futa jasho na mafuta mpaka paji likauke, sensa moja kulia nyingine kushoto, juu kidogo ya nyusi, epuka nywele na sehemu iliyovilia damu. Namba nyingi za ajabu zinaanzia hapa. Na anayekandamiza kifua asisimame hata kidogo kusubiri sensa, we fanya yako huku yeye anaendelea.

Mtu mzima mwenye afya anakuwa kati ya asilimia 60 na 80 hivi. Usishtuke kwamba sio 98 kama ya kidoleni, hapa inasomwa zaidi damu ya kwenye vena, yani ubongo umeshachukua chake. Moyo umesimama na hakuna anayekandamiza, namba inaporomoka, na baadhi ya mashine zinaishia 15, haziandiki chini ya hapo, kwa hiyo ukiona 15 isome "15 au pungufu".

Wakati wa CPR (kule kukandamiza kifua na kumpa pumzi) usikodolee namba moja, angalia inaelekea wapi. 22, 29, 35, hapo mnaenda vizuri. Imeganda kwenye ishirini na kitu? Kabla hujalaumu mashine tazama mikono ya anayekandamiza: kina sentimita 5 hadi 6, kasi 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kinaachiwa kirudi juu chote, na kila dakika 2 wanapokezana. Aliyechoka huwa hakubali kwamba amechoka, lakini akiingia mwenzake mwenye nguvu mara nyingi utaiona namba inapanda, na kwangu mimi hii ndo faida kubwa ya hii kitu kuliko hata huo utabiri. Ikiruka juu ghafla, pengine moyo umerudi, hakikisha mnapokagua mapigo.

Haya, utabiri. Utafiti wa daktari Sam Parnia na wenzake wa 2016, wagonjwa 183 waliosimama moyo wakiwa hospitalini Marekani na Uingereza, waliopona ubongo ukiwa vizuri walikuwa na wastani wa kama 56 wakati wa CPR, wengine kama 44. Lakini namba za makundi hayo mawili zinaingiliana sana, wapo wa juu walioaga dunia, kwa hiyo namba ya juu inakupa sababu ya kuendelea, namba ya chini peke yake isikufanye uache.

Mapigo yakirudi na mgonjwa yuko ICU, namba ikishuka anza na presha, halafu kaboni dioksaidi, manake ventileta (mashine ya kupumulia) ikipuliza haraka sana kaboni inashuka, mishipa ya ubongo inabana na namba inashuka nayo (kaboni hiyo lenga 35 hadi 45 mmHg). Angalia na wingi wa damu (hemoglobini). Usikimbilie kufungulia oksijeni asilimia 100 na kuiacha hivo, kidoleni 94 hadi 98 inatosha. Halafu hili watu weusi tulijue: melanini inameza huo mwanga, baadhi ya mashine zinasoma chini kwa ngozi nyeusi, na ugonjwa wa manjano pia unashusha, ndo maana mlinganishe mgonjwa na namba zake mwenyewe za mwanzo.

Ndugu, mkiambiwa "namba ya ubongo iko chini" msikate tamaa hapohapo. Miongozo ya Ulaya ya 2021 inataka madaktari wasubiri angalau saa 72, dawa za usingizi ziwe zimeisha mwilini, ndo wajumlishe vipimo kadhaa kwa pamoja: mboni za macho, umeme wa ubongo, damu, siti skani, na hii namba ya kwenye paji haimo hata kwenye orodha yao. Muulizeni daktari: dawa za usingizi zimezimwa lini, na vipimo vingapi vinasema kitu kimoja?