Chenso imenoki tena? Pima sili za krenki kabla hujanunua pistoni

Kuna chenso (msumeno wa injini) niliifungua mara mbili ndani ya wiki tano. Mara ya kwanza nilibadilisha pistoni na ringi, nikasafisha silinda, ikalia vizuri, mwenyewe akarudi nayo kwenye misonobari ya Sao Hill. Ikaja tena na michirizi ileile kwenye pistoni, upande uleule wa ekzosi. "Fundi, uliniwekea pistoni ya udongo?" Pistoni haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu: sili mbili za krenki, ile mipira inayoziba shafti inapotokea nje ya injini, nilizikagua kwa macho tu, nikaziacha.

Injini hizi za mafuta ya kuchanganya hunyonya kwa tumbo, yaani chemba ya krenki iliyo chini ya pistoni. Pistoni ikipanda, chini yake panabaki mvuto unaovuta hewa, petroli na oili kupitia kabureta. Sili iliyochoka inaingiza hewa ya wizi isiyopita kwenye kabureta. Mchanganyiko unapungukiwa mafuta, na oili inapungua pamoja nayo. Joto linapanda, pistoni inakwaruzwa.

Sikiliza kwanza. Ukiachia mafuta, injini inachelewa kushuka, au sailensi (mwendo wa injini bila kubana mafuta) inapanda yenyewe na mnyororo unazunguka. Ukirekebisha kabureta leo, kesho imehama. Ilaze ubavu huu, kisha ule: mlio ukibadilika sana, shuku sili au beringi. Mpira wa kabureta uliopasuka nao hutoa dalili hizihizi, kwa hiyo usihukumu kwa sikio peke yake.

Pima. Hapa ndipo wengi tunaruka. Fungua ekzosi, weka kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye tundu lake, kaza ekzosi juu yake. Ziba njia ya kabureta vivyo hivyo. Plagi ibaki imekazwa. Unganisha pampu ya mkono yenye geji kwenye kipaipu cha mpigo, kile kinachopeleka msukumo kwenye kabureta.

Sukuma upepo hadi 0.5 bar, subiri sekunde 20. Geji ikishuka, paka maji ya sabuni kila kiungio utafute mapovu: chini ya silinda, kwenye plagi, nyuma ya flaiwili (gurudumu la sumaku), nyuma ya klachi.

Ikishika, usishangilie bado. Mdomo wa sili unatazama ndani, kwa hiyo upepo wa ndani unaukandamiza kwenye shafti na kuficha ubovu. Geuza pampu, vuta hadi 0.5 bar, huku ukizungusha krenki taratibu kwa mkono. Baada ya sekunde 20 mvuto usiwe umeshuka chini ya 0.3. Ile chenso ya mwanzo ilipita upepo bila tatizo. Nilipovuta, mshale ulirudi sifuri kabla sijahesabu hadi sita.

Kabla ya kutoa sili, shika flaiwili uisukume juu na chini. Ukisikia mchezo wowote, beringi zimekwisha. Sili mpya juu ya beringi hizo itakufa mapema.

Kutoa. Ingiza kamba kwenye tundu la plagi ili kuzuia pistoni, lakini pistoni iwe imeshapita tundu la ekzosi ikipanda, kamba isije ikanaswa. Nati ya klachi kwa chenso nyingi ni ya kinyume: unafungua kwa kuizungusha upande wa mshale wa saa. Nimeona shafti zimekatika kwa kusahau hilo. Flaiwili itoe kwa pula (kifaa cha kuvutia), usipige ncha ya shafti kwa nyundo. Sili ichomoe kwa ndoano, bila kugusa shafti.

Pitisha ukucha kwenye shafti, pale mdomo ulipokuwa unakaa. Ukinasa kwenye mfereji, sili mpya ikae nusu milimita pembeni ya pale, mdomo upate chuma kizima. Isigusane na beringi.

Kuweka. Soma namba tatu kwenye sili ya zamani: kipenyo cha ndani, cha nje, unene. Paka grisi mdomoni. Kata kipande cha plastiki ya chupa ya maji, kizungushe kwenye shafti kifunike kijito cha ufunguo wa flaiwili, maana kingo zake hukata mdomo kama wembe. Upande wenye springi uingie ndani. Sukuma kwa soketi inayokaa kwenye ukingo wa nje wa sili, taratibu, isiingie mshazari.

Rudia vipimo vyote viwili kabla ya kufunga klachi. Kabureta rekebisha mwisho kabisa.

Sili ya upande wa klachi mara nyingi ndiyo inayotangulia kufa. Mwendeshaji akibana mafuta huku breki ya mnyororo imefungwa, klachi inateleza na kuichemsha sili iliyo nyuma yake. Unga wa msonobari ukishikana na utomvu chini ya kifuniko, joto halina pa kutokea. Mwenye chenso ile siku hizi anafungua kifuniko kila jioni, anakwangua kwa kijiti.