Usikate majani ya mahindi kabla ya kuona doa jeusi

Tafadhali, wenye ng'ombe, ndevu za mahindi kukauka si ruhusa ya kukata majani. Wakati huo punje ndiyo kwanza inajazwa. Majani ya kijani yanatengeneza sukari, inasafiri hadi kwenye punje, na humo vimeng'enya vinaiunganisha kuwa wanga. Ukikata majani mapema, unapunguza uzito wa punje zako mwenyewe.

Kipimo ni rahisi. Chukua hindi moja, livunje katikati, utazame punje upande usio na kiini, yaani ile sehemu inayochipua. Utaona mstari: juu yake wanga mgumu, chini yake bado maziwa. Mstari huo hushuka siku hadi siku kuelekea gunzi. Ukishafika chini, ng'oa punje na ukwangue kitako chake kwa kucha. Ukikuta doa jeusi, njia ya sukari imefungwa, punje haiongezeki tena. Hapo kata majani bila wasiwasi. Pima punje za katikati ya hindi, maana za nchani hutangulia kupata doa.

Ila ukame mkali au kukata majani mapema huweza kulileta doa kabla ya wakati, punje zikabaki nyepesi.

Na doa jeusi halimaanishi mahindi yamekauka: punje bado ina unyevu wa asilimia 30 hivi. Kabla ya kuhifadhi, kausha hadi ushuke kufikia asilimia 13, la sivyo ukungu unaoleta sumukuvu utayawahi.