Ukinyimwa kibali cha afya cha urubani wa jeshi: la kufanya kabla ya kukata rufaa

Umekwama kwenye vipimo vya afya, ukaomba kibali maalumu cha kukubaliwa licha ya tatizo lako, nacho kimekataliwa. Wengi hapo hukimbilia kuandika barua ndefu ya kuomba kufikiriwa, wakaeleza mapenzi yao ya kuruka na hali ya wazee nyumbani. Barua hiyo haimsaidii mtu. Aliyeamua hakukutazama wewe, alitazama faili. Faili likirudi vile vile lilivyokuwa, na jibu litarudi vile vile. Kazi yako ni kuingiza ndani yake kitu kipya kinachojibu sababu uliyokataliwa nayo, si sababu nyengine.

Kwa hiyo anza na sababu yenyewe. "Hafai kiafya" haitoshi. Omba kwa maandishi jina la tatizo, kipimo kilicholionesha, namba iliyopatikana na tarehe. Kama ofisi haitoi nakala, omba uambiwe kwa mdomo, kisha andika siku hiyo hiyo nani kakwambia nini. Anayekata rufaa bila ya kujua alipokosa anapoteza muda, na muda una thamani kwa sababu tangazo la kuandikisha huwa na ukomo wa umri.

Jeshi lina viwango vyake, na haliwajibiki kuvilegeza. Lakini viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, vya cheti cha afya daraja la kwanza, wanavyopimiwa marubani wa ndege za abiria, viko wazi, na vinakusaidia kujua umekosa kwa kiasi gani: kila jicho 6/9 (yaani lisome kwa mita 6 kile ambacho jicho zima husoma kwa mita 9) au bora zaidi na yote mawili pamoja 6/6, hata kwa miwani, usikivu usipungue zaidi ya desibeli 35 kwenye sauti za hezi (kipimo cha unene na wembamba wa sauti) 500, 1000 na 2000, wala zaidi ya 50 kwenye hezi 3000. Ukiwa hata hivi huvifikii, rufaa ya jeshini ni ngumu sana.

Sasa pima upya yale ambayo kwetu Unguja na Pemba yanawaangusha watu bila ya haki. La kwanza ni sikoseli. Kipimo cha haraka cha maabara kinasema "ipo" kwa mgonjwa na pia kwa mtu mzima wa afya aliyerithi kwa mzazi mmoja tu. Karani akiandika "sikoseli" na kuishia hapo, faili linasomeka kama la mgonjwa. Kinachotenganisha ni kipimo cha kuchambua himoglobini (kinachobeba oksijeni kwenye damu), kiitwacho elektroforesisi. Aliyerithi upande mmoja huandikwa AS, na himoglobini A yake huwa nyingi kuliko S, aghalabu S ikiwa kati ya asilimia 35 na 45. Mgonjwa huandikwa SS. Jeshi linaweza bado kuwa na msimamo wake juu ya AS kwa sababu ya hewa nyepesi ya juu, lakini hilo ni shauri la kujadiliwa. Ugonjwa wenyewe haujadiliwi. Usipeleke rufaa bila ya karatasi yenye asilimia.

La pili ni mkojo. Damu kwenye mkojo wa kijana aliyekulia karibu na mito na mabonde ya mpunga mara nyingi ni kichocho, wala si figo. Peleka mkojo uliotolewa baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana hapo ndipo mayai hutoka kwa wingi. Wa alfajiri unaweza kuyakosa. Ukikutwa nacho, dawa ni praziquantel, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, chini ya usimamizi wa daktari. Rudia kipimo baada ya wiki kadhaa, na usirudi mtoni katikati. Kipimo cha protini kwenye mkojo ni kinyume chake: tumia mkojo wa mwanzo wa asubuhi, usiwe umetoka mazoezini. Na usipime mwezi wa Ramadhani mchana ikiwa unaweza kuchagua, kwani funga na upungufu wa maji vinaharibu picha.

Kipimo cha umeme wa moyo pia kina mitego. Mchezaji mpira mwenye pumzi huwa na mapigo ya taratibu, na kwa vijana weusi wanaofanya mazoezi makali zipo alama kwenye nyaya za mbele ya kifua ambazo ni za kawaida, ingawa zinafanana na ugonjwa. Omba eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na maoni ya bingwa aelezaye wazi kama ni moyo wa mwanamichezo. Ikiwa hapa haipatikani, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyopo Dar es Salaam inaifanya. Presha nayo: mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu. Pumzika dakika tano umekaa, na kama bado iko juu, omba kipimo cha saa 24.

Rangi hazina njia ya mkato. Kitabu cha Ishihara, chenye namba za nukta za rangi za kupima upofu wa rangi, kinasomwa kwa mwanga wa mchana au taa inayofanana nao, sentimita 75 kutoka machoni, sekunde tatu kwa ukurasa. Chumba chenye taa ya manjano au kitabu kilichopauka ni sababu halali ya kudai kipimo kingine. Lenzi za rangi za kukusaidia kufaulu kipimo hiki ni udanganyifu, usizitumie. Lenzi za kawaida zivue mapema kabla ya kupima macho, laini kwa wiki moja hadi mbili, ngumu kwa wiki nne.

Barua ya rufaa iwe ya ukurasa mmoja: tarehe ya uamuzi, sababu iliyotajwa, ushahidi mpya, na unachoomba. Ambatisha ripoti ya bingwa inayojibu maswali matatu: tatizo lipo au halipo, je linaweza kumzuia ghafla akiwa angani, na litafuatiliwaje. Ripoti inayosema "yuko sawa" pekee haina uzito. Usifiche dawa unazotumia wala maradhi ya zamani. Ukigundulika baadaye, hapo hakuna rufaa. Na asikupokee mtu pesa kwa ajili ya "kukupitishia".

Kifafa, kisukari kinachohitaji insulini, na upofu wa rangi uliothibitishwa, usivitumie miaka kuvipigania. Fundi wa ndege hadaiwi cheti cha afya na ICAO, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kinafundisha kazi hiyo. Muongoza ndege hupimwa daraja la tatu, kwa hiyo muulize daktari wa anga aliyeidhinishwa na TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kabla ya kulipa ada ya masomo.