Somo: Kuchagua kikuza picha cha bei nafuu kwa PlayStation 2 na TV bapa

Mwenye PlayStation 2 aliyeachana na TV ya chogo na kununua TV bapa hukutana na mambo mawili: picha yenye ukungu, na pedi inayoonekana kuchelewa kutii. Wengi hukimbilia kununua kisanduku chochote cha kukuza picha kilichoandikwa 1080p, yaani picha ya mistari 1080. Nami nilifanya hivyo, na pesa ikapotea bure, kwa sababu sikuwa nimejiuliza kwanza mashine inatoa picha ya namna gani na kwa waya gani.

Hatua ya kwanza ni kuielewa picha yenyewe. Gemu nyingi za PS2 hutoa 480i, yaani mistari 480 inayochorwa nusu kwa nusu kwa zamu, ya witiri kisha ya shufwa; kwenye mashine za PAL, mfumo wa TV wa Ulaya na nchi nyingine nyingi, ni 576i. Mashine zilizotangulia, kama Super Nintendo, Mega Drive na PlayStation ya kwanza, kwa kawaida hutoa 240p, ambapo mistari 240 huchorwa yote kila fremu. TV nyingi za kisasa huidhania 240p kuwa 480i, zikajaribu kuunganisha nusu mbili ambazo hazipo. Matokeo yake huonekana vizuri pale mhusika anapoguswa na adui akaanza kumemeta, fremu moja yupo na inayofuata hayupo: TV ikizichanganya fremu hizo, mwili wake hugeuka michirizi ya mlalo kama meno ya kitana.

Hatua ya pili ni waya, na hapa ndipo ninapomsihi kila msomaji asipite haraka. Waya wa njano, ule wa kawaida unaokuja na mashine, hubeba mwanga na rangi vikiwa vimechanganywa, na hakuna kisanduku cha bei nafuu kitakachovitenganisha vikatoka safi. Tafuta waya wa komponenti wa PS2, wenye vichwa vitano: kijani, bluu na nyekundu kwa picha, kisha nyekundu na nyeupe kwa sauti. Kabla ya kuuchomoa wa njano, washa mashine bila diski, ingia "System Configuration", kisha "Component Video Out", uchague Y Cb/Pb Cr/Pr. Ukisahau jambo hilo, rangi zitavurugika na utadhani umeuziwa waya mbovu.

Hatua ya tatu ni kisanduku. Adapta ndogo zinazochomekwa moja kwa moja nyuma ya PS2 na kutoa HDMI ndizo rahisi kuliko zote. Hazikuzi picha, bali huigeuza tu kuwa ya kidijitali na kuiachia TV kazi iliyobaki, na kwa TV nzuri hilo linatosha. Kisanduku kiitwacho RetroTINK-2X hupokea njano, S-Video (waya unaobeba mwanga na rangi kila kimoja peke yake) na komponenti, hurudufu mistari, na haina ucheleweshaji unaohisika. OSSC, kisanduku kingine cha aina hiyo, nayo ina kasi hiyo hiyo, lakini haina tundu la waya wa njano. Zote mbili ni hodari kwa 240p. Kwa 480i ya PS2, hata hivyo, picha hutikisika kidogo juu na chini, hasa kwenye maandishi na mistari myembamba. Kwa sababu hiyo, kwa anayecheza PS2 peke yake, mimi huipendekeza bodi ya GBS-8200 iliyowekewa programu ya GBS-Control, kwa kuwa huangalia sehemu ya picha inayosogea na iliyotulia kabla ya kuunganisha mistari. Bodi hiyo hutoa VGA, tundu la skrini za kompyuta za zamani, kwa hiyo ulizia iliyokwisha kufungwa pamoja na HDMI.

Mwisho, washa hali ya gemu (Game Mode) kwenye TV ili kupunguza ule ucheleweshaji wa pedi, na uweke uwiano wa 4:3.

Maswali ya wanachama

Swali: Ndugu, nina PlayStation ya kwanza. Je, nitumie waya huo huo wa komponenti, maana tundu linafanana?

Jibu: Tundu linafanana kweli, lakini mashine hiyo haitoi komponenti. Tumia S-Video pamoja na RetroTINK, au waya wa RGB, unaobeba nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake, pamoja na OSSC. Unaweza pia kuzichezea diski zake kwenye PS2, ila zitatoka kwa 240p, na TV nyingi huikataa kwenye komponenti; hapo kisanduku ni cha lazima.

Swali: Kaka, kisanduku changu kina kiswichi cha 720p na 1080p. Mbona sioni tofauti?

Jibu: Kwa sababu kinachoingia ni kile kile cha waya wa njano. Badilisha waya kwanza.

Swali: Kuna gemu za PS2 zinazotoa picha bora zenyewe?

Jibu: Zipo. Gran Turismo 4 ya NTSC (mfumo wa TV wa Marekani na Japani) ina 480p, yaani mistari 480 yote kila fremu, na 1080i kwenye mipangilio yake, na baadhi ya gemu huingia 480p ukishikilia pembetatu na X wakati zinapowaka. Kwa njia zote mbili ni lazima uwe na komponenti.