Ng'ombe akifa ghafla bomani, mpigie na muuguzi

Simu huja asubuhi, saa ya kufungulia mifugo. "Daktari, jana alilala mzima, leo tumemkuta amekufa." Swali langu la kwanza ni moja tu: mmeshampasua? Kama bado, nawasihi visu virudi alani.

Mimi ni afisa mifugo wa kata huku Monduli, na ninayemwogopa hapa ni kimeta, ugonjwa wa bakteria unaoua mifugo na kuambukiza watu. Bakteria wake wakibaki ndani ya mzoga ambao haujapasuliwa, uozo huwaua wengi kwa siku chache. Ukimpasua, damu ikakutana na hewa, bakteria hao hujigeuza kuwa spora, mbegu ngumu zinazoweza kukaa kwenye udongo kwa miongo kadhaa. Kisu cha leo kinapanda ugonjwa kwenye malisho ya wajukuu.

Basi tazama kwa mbali. Tumbo limevimba upesi, mwili haukukakamaa, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni au nyuma. Hata ukiona dalili moja tu, mchukulie ana kimeta mpaka maabara iseme vingine. Fungeni mbwa, ondoeni watoto, kisha zungushieni mzoga matawi ya miba, mengi kuliko unavyodhani yanatosha, maana fisi na tai wakifungua tumbo, kazi yote imeharibika. Usiuburute kwenda popote. Sampuli nitachukua mwenyewe nikiwa na glovu.

Kabla sijawasha pikipiki napiga simu mbili: kwa daktari wa mifugo wa wilaya, na kwa muuguzi wa zahanati. Hiyo ya pili sikuwa naipiga. Mwaka mmoja wa kiangazi kikali niliandika ripoti yangu vizuri, ikapanda wilayani, nami nikaona nimemaliza. Siku chache baadaye nilikutana na muuguzi mnadani, tukiwa tunasubiri chai, akanieleza habari ya kijana mchungaji aliyevimba jicho na kidonda cheusi ambacho, ajabu, hakikuwa kinamuuma. Walikuwa wanamtibu jipu. Nikamuuliza anatoka boma gani. Lilikuwa ni boma lile lile. Dawa ilibadilishwa siku hiyo na kijana akapona, lakini mpaka leo nikikumbuka zile siku alizokaa hivyo, moyo hunishuka.

Kwa hiyo wewe muuguzi, kila mwenye kidonda cha namna hii muulize: wiki hii umeshika, umechuna au umekula mnyama aliyekufa mwenyewe? Huanza na kipele kinachowasha, kikawa lengelenge, kisha kidonda chenye kaa jeusi katikati na uvimbe pembeni. Usikipasue. Waliokula nyama wanaweza kuja na tumbo linalouma sana, kutapika au kuharisha damu; hao wapewe rufaa mara moja, wasisubiri kesho. Kimeta kinatibika kwa antibiotiki zikianza mapema. Nawe ukikiona, nipigie. Mara nyingine mgonjwa wako ndiye anayenifungulia habari ya ng'ombe ambaye mimi sikuambiwa.

Sikuambiwa kwa sababu gani? Hapa ndipo wengi wetu tunakosea. Nyama ya kibudu hailiwi kwa ujinga. Ng'ombe ni ada ya shule, ni mahari, na wakati wa ukame kumzika mzima mzima ni kama kumwaga maziwa watoto wakitazama. Ukifika na vitisho vya polisi, nyama itahamishiwa boma la jirani usiku, na ugonjwa utahama nayo. Mimi hutangulia kwa laigwanani, kiongozi wa jadi wa Wamaasai, nakaa, nasikiliza hasara kwanza. Kisha mhudumu wa afya wa kijiji, awe mwanamke ikiwezekana, anaongea na akina mama peke yao, kwa sababu wao ndio wanaojua paja lilikwenda kwa nani na ngozi imeuzwa wapi. Majina hayo yote yaende zahanati siku hiyo hiyo.

Mzoga uchomwe pale pale ulipoangukia mpaka uishe. Kuni zikikosekana, na huku hukosekana, chimba shimo lenye kina cha mita mbili, mbali na maji, ufukie pamoja na udongo ulioloa damu. Wengi tulizoea kumwaga chokaa, acheni. Shirika la Afya Duniani limetahadharisha kwamba kalisi yake inaweza kuzisaidia spora kudumu. Weka mawe juu ya mahali hapo, kisha uandike. Ukutani mwa zahanati tuna ramani moja ya kata iliyochorwa kwa mkono: alama ya msalaba ni mzoga, duara ni mgonjwa. Wanyamapori nao wanaingia humo. Mwaka 2016 kimeta kiliua nyumbu wengi Selela, humu humu Monduli, na wachungaji ndio hupita karibu na nyumbu kuliko yeyote kati yetu.

Alama zikirundikana sehemu moja, hapo ndipo chanjo inaanzia, wiki kadhaa kabla kiangazi hakijakaza na ng'ombe hawajaanza kung'oa nyasi na udongo wake. Chanjo ya kimeta ni hai, kwa hiyo ng'ombe asichomwe antibiotiki siku za karibu na chanjo, na kinga huchukua wiki moja au mbili kujengeka. Hurudiwa kila mwaka.

Siku hiyo mwombe muuguzi aje na chanjo za watoto. Huko Chad, kwa wafugaji wanaohamahama, ilionekana mifugo inachanjwa huku watoto wakiachwa, wakaanza kuwachanja pamoja, na watoto wengi walifikiwa. Sisi hutumia mti mmoja wenye kivuli kirefu: ng'ombe upande wa josho, akina mama upande wa pili. Masanduku ya baridi tu ndiyo tunayotenganisha. La kwangu nimelifunga utepe mwekundu, na hakuna anayefungua la mwenzake.