Kupangia maneno ya Kihawaii sauti nne

Juzi mwanakwaya mwenzangu aliniletea wimbo wenye maneno ya Kihawaii. Sauti zote nne ameshaziandika, anataka nimwangalizie besi tu. Besi haikuwa na tatizo. Taabu ilikuwa kāne, yaani mwanamume: noti yake aliikata fupi mno ikasikika kane, ambao ni ugonjwa wa ngozi. Basi nimeandika hapa tulivyorekebisha.

1. Maneno na ruhusa

Mtunzi kufariki zamani hakutoshi. Angalia pia wimbo ulichapishwa lini. Kama ni mele inoa, wimbo uliotungwa kwa jina la mtu fulani, ulizia familia yake kwanza.

2. Rudisha alama

Hapa ndipo nilipowahi kupoteza Jumamosi nzima. Kihawaii kina alama mbili: kahakō, kistari juu ya irabu kinachoirefusha, na ʻokina (ʻ), alama ya mkato wa sauti kooni. Machapisho mengi ya karne ya 19 hayakuziweka, kwa hiyo ukikuta "pau" katika kitabu cha zamani, huenda ni pau (kwisha), paʻu (masizi), paʻū (unyevu) au pāʻū (sketi). Fungua kamusi ya Pukui na Elbert, ipo mtandaoni bure. Ila kamusi haitakuamulia. Mashairi yao yana kaona, maana iliyofichwa ndani ya maana, na anayesoma tungo za mwambao hatashangaa. Neno likikubali maana mbili, mtafute mzungumzaji wa lugha. Usibahatishe.

Halafu usidhani ʻokina ni ritifaa ya ng'ombe. Hiyo yetu haina sauti yake peke yake. ʻOkina ni konsonanti kamili, mojawapo ya nane za lugha hiyo: ule mkato wa kooni unaposema "a-a!" kukataa kitu. Kwa hiyo huandamana na irabu inayofuata. Gawa Ha-wai-ʻi, usigawe Ha-waiʻ-i, na usiunganishe irabu mbili juu yake kwa uta mmoja, kile kistari cha kupinda cha kuunganisha noti. Mwimbaji akate sauti bila kuvuta pumzi.

Kuichapa nako kuna vituko. Umbo lake ni kama 6 ndogo inayoelea, lakini programu nyingi huigeuza ikawa 9. Mimi huinakili kutoka kwenye maandishi sahihi na kuibandika. Jaribu fonti kwa neno moja kabla ya kuingiza maneno ya sauti zote. Mimi nilijaribu baadaye, nikakuta vijisanduku vitupu ukurasa mzima. Natumia MuseScore, programu ya kuandika nota, ni ya bure na inatosha.

Na tafadhali, kazi hii usiitoe kwa solfa, nota za herufi d, r, m. Naipenda solfa, nimekulia humo, lakini d' ya juu ina ritifaa yake, na fotokopi ya tatu ikishatoka hakuna atakayejua kipi ni oktava na kipi ni ʻokina.

3. Mdundo kabla ya melodia

Soma ubeti kwa sauti huku ukipiga makofi. Mkazo kwa kawaida uko silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu, ila irabu yenye kahakō huvuta mkazo kwake. Makua ni mzazi, mākua ni wazazi. Ipe irabu ndefu noti ndefu, ikishindikana basi pigo zito. Wewe ungekubali "kufaa" iimbwe "kufa"?

4. Sauti nne

Hii mnaijua. Silabi zote huishia na irabu, kwa hiyo kodi ndefu (sauti zinazolia pamoja) hujaa zenyewe, msizijaze madoido. Kwenye ai na au, shikilia irabu ya kwanza, ya pili iguswe mwishoni. W baada ya i au e mara nyingi hutamkwa v, kwa hiyo iandike pembeni kwa penseli.

5. Mazoezi

Mrekodi mzungumzaji akisoma maneno polepole, bila kuimba. Wanakwaya wasikilize hiyo wiki ya kwanza. Nota wagawie ya pili.