Kabla hujawasha projekta: maandalizi ya mwalimu mtarajiwa

Maandalizi hayaanzii kwenye kompyuta. Kaa na andalio lako la somo, soma lengo, kisha jiulize ni kipi katika mada hii ambacho chaki na maneno yako vinashindwa kukionyesha. Usipopata jibu, fundisha bila mashine. Hakuna ubaya wowote.

Chukua grafu ya y = ax². Ubaoni utachora tatu, nne, na muda umekwisha. Kwenye GeoGebra, programu iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter mwaka 2001, unaburuta kitelezi kinachobadilisha thamani ya a: mkunjo unabanwa, unatanuka, unalala kabisa a ikifika sifuri, kisha unapinduka. Mimi ningesimama hapo kwenye sifuri na kuwaambia wanafunzi wachore daftarini wanachodhani kitafuata a ikiwa hasi. Halafu ndipo niburute. Ukiwaonyesha kabla hawajakisia, wametazama sinema tu. Mwaka 2006 Punya Mishra na Matthew Koehler waliueleza ujuzi huu, ambao sasa unajulikana kwa jina la TPACK: kulijua somo, kujua kufundisha na kuijua teknolojia, vyote vikutane mahali pamoja. Mwanachuo anayejua kutengeneza slaidi maridadi bado ana theluthi moja tu mkononi.

Lengo likishakaa sawa, nenda ukakague chumba siku moja kabla, ukiwa na kompyuta ileile utakayotumia. Niliwahi kukaa nyuma ya darasa nikimwangalia mwanachuo aliyekuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Alileta video nzuri sana ya mapigo ya moyo. Picha ikajaa ukutani, lakini sauti ikabaki kwenye kompyuta mpakato. Waliosikia ni safu ya mbele. Kebo ilikuwa ya VGA, ambayo hupitisha picha peke yake. HDMI hupitisha picha na sauti pamoja. Dakika tano za majaribio zingemfanya aombe spika mapema, na iliniuma kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa kila kitu kingine.

Ukiwa chumbani humo, washa slaidi moja kisha nenda ukakae kiti cha nyuma kabisa. Usichokisoma wewe ukiwa pale, mwanafunzi hatakisoma. Angalia pia mwanga wa dirishani unaangukia wapi. Kwenye Windows, zoea kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na P ili kuchagua picha itokee wapi, na kwenye PowerPoint bonyeza B kila unapotaka skrini iwe nyeusi na macho yarudi kwako. Hiyo B ni ndogo, ila inaokoa mjadala.

Faili ziwe sehemu mbili, kwenye kompyuta na kwenye flashi, na nakala moja iwe PDF ili maandishi yasivurugike ukilazimika kuazima mashine nyingine. Video pakua mapema. Majaribio ya sayansi ya PhET, kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, nayo mengi yanapakuliwa na kuendeshwa bila intaneti. Zima arifa za ujumbe wako binafsi.

Kama wanafunzi ndio watakaoshika kompyuta, hesabu mashine zinazowaka, usihesabu zilizopo mezani. Watatu kwa mashine moja wanaweza kujifunza vizuri, mradi umepanga nani anashika kipanya, nani anasoma maelekezo na nani anaandika, na wabadilishane kwa muda uliotaja. Usipopanga, anayejua tayari ndiye atakayeshika kipanya kipindi kizima. Na usiwasajili watoto kwenye huduma yoyote ya mtandaoni kwa majina yao kamili kabla hujauliza utaratibu wa shule na ridhaa ya wazazi. Huduma nyingi zimeweka kikomo cha miaka 13.

Mwisho, chukua penseli. Kando ya kila hatua ya andalio inayotegemea umeme, andika utafanya nini mashine ikizima. Kwa ile grafu, jedwali la y = 2x² linatosha: x kuanzia -3 hadi 3, y ikiwa 18, 8, 2, 0, 2, 8, 18. Liwe limeshaandikwa kwenye karatasi, na karatasi iwe mfukoni mwako.